Mashine Iliyonyamazia Chuma

Kwenye hitma ya arobaini ya baba mdogo Maulidi alikuja mtu ambaye sikumwalika. Alivua viatu mlangoni kama wengine, ingawa yeye ni Mkristo, akakaa kwenye jamvi la mwisho karibu na ukuta, na sinia la pilau lilipomfikia akalisogeza kwa jirani yake bila kuonja. Chai alikunywa. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia pamoja na wanawake, nagawa sahani, nikamwona. Jambo la kwanza lililonijia halikuwa furaha ya kumwona Sosteni baada ya miaka zaidi ya ishirini. Nilijiuliza ni nani aliyempa habari, na amefuata nini Gitega. Hivyo ndivyo nilivyo. Mtu akinisalimia kwa uchangamfu uliozidi, naanza kuwaza anataka kuazima kitu gani. Nilikuwa hivyo tangu msichana, na mwaka mmoja wa usichana wangu tabia hiyo ilinipa sifa kubwa ambayo mpaka leo inanichoma. Ndio mwaka tulionunua mashine ya kutafutia sarafu.

Jinsi nilivyofika kulelewa kwa baba mdogo ni hadithi ya watu wengine, haina kazi hapa. Yeye alikuwa fundi redio. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yetu, kwenye mtaa wa Waswahili hapa Gitega: meza moja ndefu yenye madoa ya kuungua, redio zimepangwa ukutani zikiwa wazi matumbo, na benchi ambalo wateja walikaa kutwa nzima, hata wale ambao redio zao zilishapona. Yeye alikuwa na mikono, mimi nilikuwa na sikio. Mkoromo wa spika iliyochanika na mkoromo wa waya uliolegea vilikuwa vimeanza kumchanganya, kwa hiyo aliniita niiname juu ya redio nimwambie mgonjwa anaumwa wapi. Siku moja mchimba choo alileta sarafu aliyoikuta kwenye udongo. Baba mdogo aliisugua kwa majivu na ndimu mpaka ikatokea rupia ya fedha ya wakati wa Mjerumani, nzito, na kichwa cha mfalme mwenye masharubu. Mfanyabiashara mmoja kutoka Bujumbura akaja kuiona, akatoa bei palepale. Baba mdogo aliichukua ile bei, lakini jioni hakula vizuri. Alisema mtu asiyebishana bei anajua jambo ambalo wewe hulijui. Kama rupia moja inanunuliwa kwa haraka namna ile, basi chini ya Gitega, ambako Wajerumani walikaa na watu wakauza na kununua miaka yote ile, kuna nyingine zinazotungoja, na yule bwana anajua.

Mashine tulizifuata Kobero, mpakani na Tanzania, kwa mfanyabiashara aliyekuwa akiuza vitu vya umeme nyuma ya foleni ya malori. Alikuwa nazo mbili. Ya kwanza ilikuwa kubwa, na ile sahani yake ya chini, inayopitishwa juu ya ardhi, ilikuwa pana kama sinia la kulia watu wanne. Ya pili sahani yake haikuzidi kisosi cha chai. Mfanyabiashara aliisifia ile kubwa mpaka povu likamtoka mdomoni: inasikia chini sana, inasikia kila kitu. Kweli ilisikia kila kitu. Udongo wetu ni mwekundu, chuma kimo ndani yake kwa asili, na pale penye malori kulikuwa na nati na misumari ya miaka mingi, kwa hiyo mashine ilipiga kelele tangu ilipowashwa mpaka ilipozimwa. Baba mdogo aliipenda. Alisema kubwa ni kubwa. Mimi nilivaa visikizi vya masikioni nikajaribu ile ndogo. Nilitupa chini sarafu ya faranga kumi na kando yake kifuniko cha bia, nikazisikia kama watu wawili tofauti wanaozungumza kwa zamu. Nilimwambia baba mdogo kwamba kwenye ardhi chafu, kusikia kidogo kwa usafi ni bora kuliko kusikia kingi kwa fujo. Alikuna kidevu, akamtazama mfanyabiashara, akasema kwa sauti ya chini, "Kitu anasifia sana, ndiyo hiyo imemshinda kuuzisha. Donc, tubebe hii ndogo."

Hapo ndipo Sosteni alipoingia. Alikuwa mpagazi pale Kobero siku ambazo hakukuwa na kibarua kwenye mashamba ya watu, kijana mrefu mwenye Kiswahili kilichonyooka cha Tanzania, kwa sababu alikulia huko kwenye kambi ya wakimbizi na alirudi Burundi akiwa mtu mzima. Karatasi ya maelezo ya mashine ilikuwa ya Kiingereza tupu. Sisi tulikuwa na Kifaransa, Kirundi na Kiswahili, na mfanyabiashara hakuwa na hamu ya kuisoma kwa vile alishashika pesa. Sosteni aliisoma kwa sauti akiwa amechuchumaa: kitufe hiki cha kuwasha, hiki cha ukali wa kusikia, hiki cha kuchagua. Ukikiweka kwenye picha ya sarafu, mashine inanyamazia chuma na inasema fedha, shaba na mfano wake tu. Ukikiweka kwenye picha ya duara tupu, inasema kila madini. Baba mdogo alimpa kitu kidogo cha kunywea chai, yeye akakataa. Aliuliza tu kama mashine hiyo, ikiwekwa kwenye duara, inaweza kusikia jembe lililofukiwa. Basi nikaanza kumchunguza. Nani anayetafuta sarafu akauliza habari za majembe? Na nani, pale Kobero, anayekataa pesa? Alituomba aondoke na ile karatasi ili atuandikie yote kwa Kiswahili kwenye daftari. Nilimwambia baba mdogo asikubali. Alikubali.

Maofisa wa mpakani walituuliza maswali ya saa nzima, na sikuwalaumu, maana hata mimi ningetuuliza. Gitega ikawa mbaya zaidi. Ilibidi kwanza tuifundishe mashine, na hilo tulilifanya uwanjani, mchana kweupe, mtaa mzima unatazama. Tulifukia vitu kwenye mstari: sarafu ya faranga kumi kwa kina cha vidole vinne, nyingine kwa shubiri moja, msumari, kifuniko cha bia, karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Kila kimoja tulikiwekea kijiti. Kisha nikapita na mashine huku na huku, nikijifunza sauti. Udongo wenyewe ulitusumbua kwa wiki nzima mpaka nikagundua kwamba lazima kwanza uishushe na kuiinua sahani mahali pasipo na kitu, mara nyingi, huku unapunguza ukali, mpaka mashine izoee ardhi ya pale na inyamaze. Ukifanya haraka itakudanganya siku nzima. Baada ya hapo tukaiacha kwenye picha ya sarafu, kwa sababu vifuniko na misumari ya Gitega vingetuua kwa kuchimba. Majirani nao walikuwa na yao. Mmoja alisema tunatafuta mabomu ya wakati wa vita na tumeyanusa kwake. Mwingine alisema ni dhahabu. Mama mmoja tuliyekuwa tukiazimana naye kinu aliacha kuja, nikasikia ukutani anamwambia mwenzake kwamba mashine yetu inaona mpaka ndani ya masanduku ya watu. Baba mdogo alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka, nilikuwa najiuliza ndani ya sanduku lake mna nini.

Tulikwenda Giheta, kwenye uwanja wa soko la zamani, tukapata heller mbili za shaba, zile senti za Mjerumani, na vipande vya masufuria vya kutosha kuezekea banda. Tulikwenda karibu na Mushasha, kwenye shamba la mwalimu mmoja, naye akatufuata hatua kwa hatua na jembe begani, akihesabu kila tunachookota. Nilimpenda mtu yule. Tulikula mihogo ya kuchemsha na ndagala, dagaa wa ziwani, tukiwa tumekaa kando ya mtaro, na baba mdogo akanieleza habari za redio alizozifufua ujana wake kana kwamba ni watoto wake. Nasema haya ili ijulikane kwamba tulikuwa na furaha. Sijawahi kufanya kazi na mtu nikawa na furaha vile, wala kabla, wala baada.

Kiangazi kilipokwisha, Sosteni akashuka kwenye basi Gitega, akafika karakanani na kuku mmoja mikononi. Daftari hakuwa amelimaliza. Alikaa kwenye benchi akangoja wateja waondoke, kisha akasema lililomleta. Wazazi wake walipokimbia kilima chao kule Muyinga, yeye akiwa mgongoni, mama yake alifukia majembe manne chini ya mlango wa nyumba, yamefungwa gunia, akitumaini kurudi msimu unaofuata. Mama alifia Tanzania. Nyumba ilianguka, ardhi ikapewa mtu mwingine ambaye hakufanya kosa lolote, naye ameishi hapo tangu wakati ule. Sosteni amerudi na neno la mama yake tu. Wazee waamuzi wa kilima, ambao kwetu tunawaita bashingantahe, walimwambia maneno ya marehemu hayapandi ndizi, alete ushahidi. Aliomba achimbe. Mwenye kuishi pale alikataa uwanja wake ufukuliwe kama shamba la viazi, na wazee wakaona ana haki. Sosteni ndipo akawaambia juu ya mashine. Wakakubaliana: asubuhi moja, mashine ipite mbele ya macho ya wote, na pachimbwe pale itakaposema tu. Ikinyamaza, kesi imekwisha na asirudi tena kudai. Hakuwa na ardhi nyingine popote, wala kambi ya kurudi, kwa kuwa ilishafungwa. Alikuwa na mke mwenye mimba ya miezi sita, wamelala kwenye stoo ya kanisa.

Baba mdogo alimuuliza jina la huyo anayeishi pale. Sosteni akamtaja: mzee Bakari, mfyatua matofali. Nilimwona baba mdogo anaweka bisibisi chini. Bakari alikuwa shemeji yake, kaka wa marehemu mkewe. Tulikuwa tunalala kwake kila tukienda Muyinga. Nilitarajia akatae kwa adabu, na ningemwelewa. Badala yake akasema, "Mi sibishane na shemeji yangu juu ya udongo. Tutaenda na hii mashine, iseme yenyewe. Na tutalala kwake, sitalala kwingine, atasema namkimbia." Sosteni alimshukuru kwa mikono miwili. Mimi usiku ule usingizi wangu ulikuwa mdogo, kwani mtu asiyebishana anajua jambo, na maneno hayo alinifundisha yeye mwenyewe.

Bakari alitupokea kama kawaida, na hiyo kawaida yake ilinitia shaka zaidi kuliko angetufukuza. Mkewe, Mama Hadija, alipika ndizi na maharage na lengalenga, mchicha wa kwetu, akaweka na nyama, na ilikuwa siku ya kazi. Baada ya kula, kwenye mwanga wa mwisho, baba mdogo alikaa mlangoni akaiwasha mashine, akakibonyeza kitufe mpaka ikatokea picha ya duara. Akanionyesha. Nilitupa jembe la Mama Hadija mbele yake, ikalia. Akaizima, akaichukua akaiweka chumbani alimokuwa akilala. Mimi nilikwenda jikoni kuosha vyombo. Ukuta wa jiko na wa sebule ulikuwa mmoja. Nilimsikia Bakari, sauti yake imeshuka, ikimwambia shemeji yake kwamba ana watoto saba, kwamba matofali hayalipi tena, na kwamba mashine ni kitu cha mtu, ikitaka kusema inasema na ikitaka kunyamaza inanyamaza. Kisha akasema, "Wewe unaijua kitufe yake, Maulidi. Mi sikuombi kitu kingine." Hapo mvua ikashuka juu ya bati. Kama unazijua mvua za Muyinga unajua kwamba mtu hawezi kusikia hata meno yake mwenyewe. Nilisimama na sufuria mkononi, sikio ukutani, nikingoja jibu la baba mdogo. Sikulisikia.

Asubuhi ilikuwa nyeupe, kila kitu kimeoshwa. Nilifuata mashine chumbani, nikatoa betri zake nne nikazipanga juu ya bati la jiko zipate jua. Fundi redio yeyote wa kwetu angefanya vile. Betri iliyolala kwenye baridi inakuwa mvivu, na jua la saa mbili linaiamsha. Nimelifanya jambo hilo tangu nilipojua kushika bisibisi, na sikulifikiria, kama vile mtu hafikirii anapofunga kanga. Baba mdogo alitoka kutawadha na birika mkononi, akapita mbele ya bati, akaniambia nisizisahau. Wazee walipoanza kufika nilizirudisha.

Walikuja watano na fimbo zao, wakaketi kwenye viti ambavyo Bakari mwenyewe aliwatolea. Kilima kizima kilikuja nyuma yao. Mkubwa wao aliamuru visikizi vichomolewe, sauti isikike kwa wote. Mke wa Sosteni alikaa chini pembeni, mikono juu ya tumbo. Sosteni alionyesha mahali ambapo kwa maelezo ya mama yake mlango ulikuwa, upande unaotazama mawio, kati ya migomba na tanuri la matofali. Niliishusha na kuiinua sahani mpaka ikauzoea udongo, kisha nikaanza. Nilipita taratibu, hatua fupi, mstari baada ya mstari, kama nilivyojifunza. Hakuna sauti. Nilirudia kwa kuikata ile mistari. Kimya. Nilisikia watu wanaanza kunong'ona, na nyuma yangu mzee mmoja akajikohoza kama mtu anayejiandaa kusimama. Sosteni alikuwa ananitazama miguu. Nikainamisha kichwa nikakitazama kioo cha mashine kwa mara ya kwanza tangu niiwashe, na pale palipokuwa na duara jana, palikuwa na picha ya sarafu.

Ningeweza kubonyeza tu kitufe na kupita tena. Mtu mwema angefanya hivyo. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nilikuwa na sauti ya Bakari masikioni tangu jana, na hasira yangu ilikuwa tamu. Niliinua mashine juu ili wote waione. Nikasema, "Wazee, mashine hii imezibwa. Jana jioni iliwekwa isikie chuma, nimeiona kwa macho yangu. Usiku imelala chumbani kwa baba mdogo, na leo haisikii chuma. Jana mwenye nyumba alimwomba hivyo, nimesikia kwa masikio yangu. Kikulacho ki nguoni mwako." Uwanja wote ukageuka kumtazama Maulidi. Yeye alinitazama mimi. Halafu nikaona macho yake yanakwenda kwenye bati la jiko, yanakaa hapo kidogo, yanarudi. Nilidhani anatafuta la kujitetea. Alisema tu, "Weka vizuri, mwanangu. Tafuta tena."

Niliweka kwenye duara, nikapita, na hatua ya tatu mashine ikanguruma mpaka watoto wakarudi nyuma. Walichimba kwa mikono na fimbo. Kwa kina cha zaidi kidogo ya shubiri yalitokea majembe manne, yameliwa na kutu, na nyuzi za gunia zimegandia kwenye chuma. Sosteni alipiga magoti akayapanga moja moja kwenye nyasi, kisha akalia bila kujificha. Wazee waligawa: ardhi ni ya Sosteni, Bakari abaki na nyumba yake na migomba iliyoizunguka. Watu walinishika mikono. Wanawake walinibariki, wakasema msichana aliyemkana ndugu yake kwa ajili ya haki ni wa kuolewa na mtu mkubwa. Nilimpita baba mdogo kwenda kunawa mikono, na sikumsalimu.

Hasara yake ilianza siku ileile. Bakari alimkatia undugu kwa kuleta mashine kwake. Sosteni alimkatia salamu kwa kuiziba, na Sosteni alikuwa na mdomo mrefu, akawaambia wote, kuanzia sokoni Muyinga mpaka mpakani. Wateja wa kule waliokuwa wakimtumia redio kwa basi waliacha. Hapa Gitega kisa kilifika kabla yetu. Benchi la karakana likawa tupu. Sarafu hatukutafuta tena, kwa vile kila tulipokwenda mtu alituuliza kwa kicheko kama leo mashine imelala kwa nani. Baba mdogo alifanya kazi, alisali, alikula nilichopika. Hakunifukuza. Nilidhani ni aibu ya mwenye kosa.

Miezi miwili baadaye Sosteni alituma daftari kwa basi, kwa jina langu tu. Alikuwa amemaliza kuandika maelezo yote ya mashine kwa Kiswahili, kwa mwandiko mzuri wa shule, kama zawadi. Nililisoma karakanani, nimekaa kwenye lile benchi tupu. Ukurasa wa kumi, chini kabisa, aliandika hivi: mashine hii ikitolewa betri, itasahau chaguo lako na kurudi kwenye sarafu, kila ukirudisha betri, chagua upya. Nilisoma mara tatu. Redio zenye saa ndivyo zilivyo, ukitoa betri zinasahau saa, na hilo nilikuwa nalijua kama jina langu. Baba mdogo alilikumbuka pale uwanjani kwa kulitazama bati. Mimi ndiye niliyeinyamazisha mashine, kwa mikono yangu, mbele ya macho yake, na yeye alinyamaza wakati kilima kizima kinamwita mwizi.

Nililificha lile daftari chini ya godoro. Mchana ule, tukila maharage, nilianza kusema jambo kuhusu Muyinga. Hakuniacha nifike mbali. "Ile kitu iliisha, Zaina," alisema. "Kula, chakula kinapoa." Nikala. Ndiyo siku niliyopaswa kupanda basi kwenda Muyinga, nisimame kwenye uwanja uleule, niseme. Niliogopa. Watu walikuwa wananiita binti wa haki, na posa mbili zilishakuja kwa ajili ya jina hilo, moja nikaikubali. Nilijiambia nitasema nikishaolewa, kisha nitasema nikishazaa. Nimeona aibu kila siku ya maisha yangu tangu pale, na aibu hiyo haijamrudishia baba mdogo hata mteja mmoja.

Kwa nini hakusema, nimelifikiria sana. Labda aliona kwamba kama angesema pale ni msichana huyu aliyetoa betri, wazee wangeitupa mashine yote kama mchezo wa watoto, na majembe ya Sosteni yasingechimbwa. Labda aliona jina la msichana likivunjika halina fundi. Bakari alishakufa, lakini Mama Hadija alikuja siku tulipomzika baba mdogo, mzee sasa, akaniambia kwamba jioni ile ya mvua baba mdogo alimjibu mumewe kwa neno moja, hapana, na kwamba mumewe alikufa bado amekasirika juu ya neno hilo. Alidhani ananipa habari mpya ya kunifariji. Mimi ninayemshuku hata anayenipa maji ya kunywa, sikuwa na pa kuliweka neno hilo.

Basi wageni wa hitma walipoanza kuondoka, nilitoka nyuma ya pazia nikamwendea Sosteni. Amepata mvi na tumbo kidogo. Alisimama, akanishika mkono kwa mikono miwili, akaniambia mtoto aliyekuwa tumboni siku ile sasa ni mwalimu. Akasema, "Nimekuja kwa ajili yako, dada Zaina. Yule siwezi kumwombea, nisikudanganye. Lakini wewe ulinipa ardhi yangu." Nilimwomba akae. Nilimweleza yote, betri, bati, jua la saa mbili, ukurasa wa kumi. Sikuremba. Alinisikiliza akitazama jamvi.

"Daftari langu lilikufikia lini?" aliuliza.

"Mwaka uleule. Kabla ya mavuno ya maharage."

"Ukasoma."

"Nilisoma."

Aliweka viganja juu ya magoti. Mle ndani walikuwa wanakusanya masinia. Kisha akauliza kaburi liko wapi. Nilinyanyuka nikachukua kanga yangu ya kutokea, nimpeleke. Akanizuia kwa kuinua mkono, bila ukali wowote.

"Hapana, dada. Nitaulizia njia. Mimi sikujua. Wewe ulikuwa karibu naye miaka yote."

Alivaa viatu vyake mlangoni, akatoka, na mimi sikumfuata.